Gari la Mzee na Ndoo Moja ya Maji

Ndugu msomaji, kama una gari, au kama gari ni la mumeo, la kaka yako au la mwajiri wako na kazi ya kuliosha imekuangukia wewe, naomba leo tuzungumze juu ya maji. Nasema yale maji ya ndoo ambayo kila Jumapili asubuhi, katika nyua za mji huu wa Dar es Salaam, humwagwa juu ya magari yakatiririka hadi barabarani, na pengine nyumba ya tatu kutoka hapo mama mmoja anainamisha dumu lake apate kikombe cha mwisho cha chai. Mimi nimekuwa miongoni mwa wamwagaji hao kwa miaka mingi, tena nilikuwa hodari.

Uhodari huo niliurithi. Baba yangu alikuwa dereva wa malori, na kwake yeye dereva mwenye gari chafu alikuwa sawa na askari mwenye vifungo vilivyokatika. Alituambia sisi wanawe, bila haya yoyote kwa kuwa wakati ule haikuwa haya, kwamba kila aliporudi kutoka safari za bara alikuwa akisimama Ruvu, akateremka mpaka ukingoni na utingo wake, wakaliogesha lori humo mtoni kama watu wanavyoogesha ng'ombe. Alitaka lori liingie mjini linang'aa. Yale maji yaliyobeba grisi na vumbi la njia nzima yaliendelea na safari yake kuelekea baharini, na huo ndio mto unaotupatia wakazi wa Dar es Salaam sehemu kubwa kabisa ya maji ya kunywa. Siku hizi mtu akifanya hivyo anajitafutia kesi: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka mto, shughuli zinazoweza kuuathiri. Mzee anaijua sheria hiyo. Anasema ni nzuri, kisha hucheka kidogo na kubadili mazungumzo.

Alipostaafu, mwaka 2009, alichukua sehemu ya mafao yake akanunua Toyota Corolla kuukuu iliyoletwa kutoka Japani, ya rangi ya buluu iliyoiva. Sijui kama unaijua rangi hiyo, msomaji. Ikiwa safi hakuna rangi inayoishinda, na ikichubuka hakuna rangi inayotangaza msiba wake kwa sauti kubwa zaidi. Miaka kumi baadaye macho yake yalianza kuingia ukungu wa mtoto wa jicho, akanipa funguo. Hakunipa gari, nieleweke, alinipa funguo. Mpaka leo akija nyumbani hulizunguka kwanza kabla hajaingia ndani kuwajulia hali wajukuu, na kwa kuwa macho hayamtoshi, hulipapasa kwa kiganja.

Basi ikafika mwishoni mwa Oktoba 2022. Utakumbuka jinsi mvua zilivyokawia na Mto Ruvu ukapungua kina, ukatangazwa mgawo wa maji jijini. Kwetu bomba likawa linatoa upepo. Mama watoto alikuwa ametoka uzazi miezi minne tu iliyopita. Nepi zilikuwa hazihesabiki, na maji tulikuwa tukinunua kwa wauzaji wa mikokoteni, dumu kwa dumu, kwa bei iliyokuwa ikipanda kila ulipouliza. Jumamosi moja alinunua madumu sita akayapanga ukutani nyuma ya jiko. Jumapili nikaamka mapema, nikakumbuka kwamba mzee anakuja kula chakula cha mchana, nikalitazama gari lilivyofunikwa na vumbi, nikachukua matatu.

Lita 60. Nikasuuza, nikapaka povu la sabuni ya unga, nikasuuza tena. Nilipoinua kichwa nilimwona mama watoto amesimama mlangoni na beseni la nepi kiunoni. Hakusema neno. Aliyatazama yale madumu matatu yaliyolala ubavu, akalitazama lile tope jeusi lililokuwa likitafuta njia ya kutoka chini ya geti, kisha akarudi ndani. Yeyote aliyeoa anajua kwamba angenitukana ningepona siku ile ile. Alinyamaza hadi Jumanne, na alipozungumza alisema sentensi moja tu: "Mwenzangu, mtoto hakulinunua gari hilo."

Nikaapa kwamba gari litakaa na vumbi lake hadi mvua. Kiapo hicho kilidumu wiki mbili. Mzee alikuja, akalipapasa boneti, akatazama kiganja chake, akaingia ndani bila kuniuliza hali. Ndipo nilipoona kwamba nimeshikwa huku na huku, na kwamba nisipopata njia nyingine nitakosana ama na mke ama na baba.

Njia nyingine niliipata kwa mtoto wa mjomba aliyekuwa likizoni kutoka Dubai. Huko alikuwa akifanya kazi ya kuosha magari katika maegesho yaliyo chini ya majumba marefu, usiku wenyewe wakiwa wamelala. Mahali kama hapo hakuna mpira wa maji. Sakafu ni safi, na mwenye jumba hataki kuona dimbwi. Kila kijana hupewa ndoo yake na furushi la vitambaa, na kabla ya alfajiri awe amemaliza safu nzima. Nilipomweleza taabu yangu alifungua begi akanitolea kichupa cha maji ya buluu, kidogo kuliko chupa ya dawa ya kikohozi. "Kaka," akasema, "hii haisuuzwi. Unapangusa, unakausha, basi."

Nilimwona mwongo. Sisi tumefundishwa kwamba sabuni isiyosuuzwa huacha magamba, na kwamba kuosha ni kumwaga. Akanieleza, na maelezo yake nimeyahakikisha baadaye kwa kusoma na kwa kutenda, kwa hiyo nakupa kwa moyo mkunjufu.

Dawa za namna hii si sabuni ya povu. Ndani yake mna vilainishi na chembechembe za jamii ya plastiki, wataalamu huziita polima, ambazo huuzingira uchafu, huulegeza kutoka kwenye rangi na kuuzunguka kama ute, ili kitambaa kinapopita uchafu uteleze badala ya kukwaruza. Iliyotangulia kupata umaarufu ni ile ya Marekani iitwayo Optimum No Rinse. Kipimo chake ni sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 256 za maji, yaani mililita 30 hivi kwa lita saba na nusu. Hicho ndicho kiasi cha ndoo moja ndogo isiyojaa, na kwa gari dogo kinatosha na kusaza. Linganisha na mpira wa bustani, ambao katika dakika kumi hupitisha maji ya madumu kadhaa hata kama umeushika kwa adabu. Zipo dawa nyingine zenye vipimo vingine. Soma kibandiko cha chupa yako, wala usidhani kwamba ukizidisha dawa gari litakuwa safi zaidi. Litakuwa na ukungu wa kunata tu, nawe utarudia kazi.

Povu halitakuwapo, na hilo litakusumbua moyo mwanzoni. Mimi nilijikuta natikisa ndoo.

Sasa sikiliza lililo la maana kuliko yote, maana mimi sikulisikiliza. Rangi ya gari la siku hizi imefunikwa juu na tabaka linaloonekana kama kioo, mafundi wetu wa rangi huliita klia. Tabaka hilo kwa kawaida lina unene wa maikroni 40 hadi 50. Maikroni ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara elfu. Karatasi ya gazeti unayoshika mkononi ina unene kuzidi huo. Mng'ao wote unaousifu umo katika utando huo mwembamba. Na mchanga wetu, ule mweupe wa pwani na ule mwekundu wa bara, kwa sehemu kubwa ni chembe za jiwe gumu liitwalo kwatzi, ambalo hukwaruza hata kioo. Kitambaa kikishika chembe moja tu na mkono ukakandamiza, umechora. Gari halichubuliwi na dawa wala na maji, linachubuliwa na mchanga ulio chini ya mkono wako. Unapoosha kwa maji mengi, maji huubeba mchanga kabla mkono haujafika. Unapoosha kwa ndoo moja, hakuna wa kuubeba isipokuwa kitambaa na ule ute wa dawa. Kwa hiyo kazi inataka uangalifu mwingi zaidi.

Mtoto wa mjomba aliniambia hayo yote akiwa ameshika kikombe cha kahawa. Akaniambia pia kwamba mwezi wake wa kwanza huko alikatwa mshahara kwa sababu ya mlango wa gari jeusi, na kwamba kanuni aliyojifunza ni hii: ukipitisha ncha ya kidole, taratibu kabisa, ukausikia mchanga unakwaruza kama chumvi mezani, usipanguse. Mimi nikaitikia, naam, naam, nikiwa nimekwisha kutazama kichupa kwa tamaa.

Yeye akarudi kazini kwake, na mimi Desemba hiyo nikaenda Morogoro na gari kwa shughuli za gazeti. Huko mvua za kwanza zilikuwa zimeanyesha. Nilirudi usiku na tope jekundu mpaka kwenye vioo. Asubuhi, bila kusubiri, nikachanganya dawa yangu kwa kipimo halisi, nikachukua kitambaa kimoja, kimoja tu, tena kipande cha fulana kuukuu, nikaanza na boneti kwa mizunguko mikubwa kama mtu anayesugua sufuria. Kila kitambaa kilipojaa tope nilikichovya ndani ya ile ile ndoo, nikakikamua, nikaendelea. Maji yakawa kama uji wa ulezi. Nilifurahi jinsi uchafu unavyotoka.

Jua lilipopanda nikaona. Boneti nzima ilikuwa na utando wa mikwaruzo ya mviringo, duara ndani ya duara, kama utando wa buibui ulioanikwa. Pakiwa na kivuli hazikuonekana. Jua likipiga zilitoka zote. Nilikaa kwenye kizingiti nikaona aibu kama ya mtoto aliyevunja birika la wageni. Maji nilikuwa nimetumia lita nane tu, na mama watoto alinisifu kwa hilo. Sikuwa na uso wa kumwambia.

Mzee alikuja wiki iliyofuata. Akalizunguka. Nilijua macho yake hayatayaona yale makovu, na sikujitangazia. Sikiliza jinsi mtu wa miaka thelathini na kitu anavyoweza kuwa mwoga. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakipitisha kutoka kioo hadi taa, akasimama. Mikwaruzo ya namna ile haisikiki kwa kiganja, nimekwisha kuuliza mafundi. Lakini alisema, "Umeliosha kwa hasira." Kisha akaingia kula.

Tangu siku hiyo nimejifunza kazi hii upya, polepole, na sasa naweza kukuambia jinsi inavyofanywa bila kulidhuru gari.

Kwanza kabisa likague gari. Likiwa na vumbi la kawaida la mjini, lile la siku tano au sita za kwenda kazini, ndoo moja inatosha. Likiwa na tope lililoganda, au mchanga wa ufukweni uliorushwa na matairi, usilitie kitambaa. Chukua kopo na maji matupu, umwagie sehemu za chini tu, milango kwa chini, bampa na matao ya matairi, uache tope lilainike lianguke lenyewe, umwagie tena. Itakugharimu nusu dumu au dumu zima. Huo si ubadhirifu. Kama dumu lenyewe halipo, gari na lingoje. Mimi hulinganisha na mtoto aliyetoka kucheza matopeni: humpangusi uso kwa kanga kavu.

Liweke kivulini, na boneti iwe imepoa kiasi cha kulaza kiganja bila kukiondoa. Juani maji haya machache hukauka kabla hujayafikia, yakaacha madoa. Jaza mchanganyiko ule ule katika chupa ya kunyunyizia, au katika bomba dogo la bustani ambalo halijapata kutiwa dawa ya wadudu, na unyunyizie sehemu moja ya gari; paa, kwa mfano. Ungoje dakika moja. Wengi huruka hatua hii kwa kuwa haionekani kufanya kitu, na hapo ndipo ute unapoingia chini ya vumbi. Nami niliiruka.

Vitambaa viwe vingi, sita au zaidi, vya ule uzi laini wenye nywele unaoitwa mikrofaiba, vinavyouzwa madukani na hata na wachuuzi kwenye mataa ya barabarani. Fulana kuukuu haifai; uzi wake hauna kina cha kuficha mchanga, huusukuma tu mbele yake. Vichovye vyote ndoo kwa pamoja. Kila kimoja ukikunje mara mbili, upate pande nne kwa nje na nyingine nne ukikigeuza ndani. Upande mmoja unapangusa mara moja, kwa mstari ulionyooka, bila kukandamiza, uzito wa kitambaa chenyewe ndio mkono wako. Ukisha chafuka, geuza. Pande nane zikiisha, kitambaa hicho kimestaafu kwa siku hiyo: hakirudi ndooni. Nisamehe nikirudia, hakirudi ndooni. Ukifanya hivyo maji yako yatabaki safi hadi mwisho, na utashangaa. Kitambaa kikianguka chini, hata kama ni kwenye sakafu iliyofagiwa, nacho kimestaafu.

Fuata na kitambaa kikavu kabla hujaenda sehemu nyingine. Anza juu, paa na vioo, kisha boneti na buti, milango kuanzia juu hadi katikati, na sehemu za chini ziwe za mwisho kwa sababu huko ndiko uchafu mwingi hukaa. Rimu zina vitambaa vyake, tena vilivyochakaa, na visionane kamwe na vile vya bodi, maana vumbi la breki ni chuma kilichosagika. Vyote ukavifue peke yake, si pamoja na nguo za nyumbani. Kazi nzima kwangu huchukua robo tatu ya saa, nami si mwepesi.

Kuhusu sabuni za unga na zile za vyombo, ambazo sote tumezitumia: zimetengenezwa kung'oa mafuta, na zikiwa juu ya gari hung'oa nta uliyoipaka na kuifanya mipira ya vioo ipauke. Sitakuambia kwamba zitaliua gari. Waosha magari wetu wa kando ya barabara wanazitumia, na magari yao yanatembea. Mimi ninachowaogopea vijana hao ni lile dodoki moja linaloosha daladala ya Mbagala asubuhi kisha gari lako mchana.

Na hii dawa isiyosuuzwa si bure wala haipatikani kila duka. Mimi huagiza kichupa kimoja kwa mtoto wa mjomba kila ajapo, na kwa kipimo kile kinakaa miezi. Wapo watakaosema anasa ya nini, si afadhali kutoosha kabisa? Nimelifikiria swali hilo, hasa nikikumbuka miji mingine. Cape Town ilipokaribia kuishiwa maji mwaka 2018, kila mkazi alitakiwa kutozidisha lita 50 kwa siku, na kuosha gari kwa maji ya bomba la mji kukapigwa marufuku. Lita 50! Mimi Jumapili ile niliipa Corolla kuliko posho ya mtu mzima wa mji ule. Lakini gari lenye kioo kichafu na taa zilizofifia nalo ni hatari usiku, na vumbi lenye chumvi ya pwani likiachwa juma baada ya juma halilitendei wema bati. Tena, nikiri, nina baba.

Boneti niliipeleka kwa fundi. Akaniambia inaweza kupigwa polishi makovu yakapungua, ila kupiga polishi ni kuipunguza ile klia yenyewe, na kwa gari la umri huu angependa aifanye mara moja, kisha asiniona tena. Nikamwambia mzee bei na masharti. Aliuliza kama gari litakwenda vizuri zaidi. Nikasema la. Akasema basi fedha hiyo ikanunue tangi.

Tangi lipo sasa, la lita 1,000, jeusi, kando ya jiko, na ufunguo wa koki yake unakaa kwa mama watoto. Jumapili huja kwangu na ndoo ndogo iliyopimwa, yenye alama ya kalamu ya wino kwenye lita nane, na hajapata kunipa zaidi ya alama. Binti yangu mkubwa, wa miaka tisa, amekabidhiwa vioo vya pembeni na kugeuza vitambaa. Ananisimamia kama mwalimu wa zamu, nami nikisahau na kukirudisha kimoja ndooni hupiga kelele mpaka jirani anachungulia. Mzee tulimpeleka akatolewa mtoto wa jicho katika jicho la kulia, akarudi akaliona boneti kwa mara ya kwanza tangu Desemba ile. Alilitazama kwa muda mrefu, jua likiwa limepiga sawasawa. Kisha akaniomba kigoda.

Rimu siku hizi ni zake. Hakubali vitambaa vyangu. Ana brashi yake ya tangu enzi za lori, na kopo lake la maji, ambalo mama watoto humjazia mwenyewe bila kupima.